Mimi Ni Mrejelewa, Si Mtafuta Kazi

Mimi nimestaafu. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wengi ambao hawajaambiwa, na wote wana namba yangu ya simu. Nilifundisha Hesabu katika shule za hapa Machakos mpaka serikali ikaona vumbi la chaki nililovuta linatosha, nikarudi kwenye mahindi na mbaazi zangu. Mtu wa umri wangu hupigiwa simu kwa mambo mawili tu: matanga na mchango wa harusi. Mimi napigiwa na waajiri.

Wiki hii nimechaguliwa kupanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi moja kubwa ya Nairobi. Nimechaguliwa pia kuendesha winchi bandarini Mombasa, kazi ambayo ningeifanya nikiwa na bakora mkononi. Kuna shirika la misaada linalonihitaji haraka niwe afisa wa nyanjani, kwa mshahara wa kumtia mbunge wivu, ila kwanza nitume shilingi 650 za kufungua faili. Na mwanamke mmoja asiye na picha, mwenye namba ya nchi nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani, aliniandikia saa nane za usiku kwamba kazi yake ni kubonyeza kidole gumba kwenye video za YouTube, basi, na malipo ni kila jioni. Mke wangu aliusoma ujumbe huo kwa miwani yangu, akanyamaza, halafu akauliza hawa waajiri wote walikuwa wapi wakati tunalipa karo.

Watu hutoka mbali kuja huku kwetu Kituluni kuona maji yanayoonekana kupanda mlima. Mimi nikitaka kuona ajabu ya namna hiyo sitoki kitini. Natazama simu, naona pesa zikipanda kutoka kwa asiye na kazi kwenda kwa mwenye kazi.

Na sijawahi kuomba kazi kwenye intaneti maishani mwangu. Mimi ni mrejelewa. Hicho ndicho cheo nilichopewa na vijana wa mji huu, bila barua wala posho. Chukua wasifu wa kijana yeyote, kuanzia Mumbuni hadi Katoloni, uufungue ukurasa wa mwisho: utakuta pasta, chifu na mwalimu. Pasta huwekwa kwa sababu hasemi uongo, chifu kwa sababu ana muhuri, na mwalimu kwa sababu anadhaniwa hana la kufanya nyumbani. Chini ya kila jina kuna simu, barua pepe, sanduku la posta, na wakati mwingine kijiji na kona ya kukatia. Hawaniulizi. Nitajuaje kwamba nimeingizwa kwenye wasifu mwingine? Simu inaanza kulia.

Halafu kuna wale wa mikopo. Kijana anapakua programu ya kukopa shilingi elfu mbili, programu inaomba ruhusa ya kuchungulia majina yote kwenye simu yake, naye anakubali kwa sababu ana njaa. Mwezi ukipita, sauti ya mtu asiyenijua inaniuliza mimi kwa ukali kwa nini fulani hajalipa, maana mimi ndiye mdhamini wake. Nilimwambia mmoja wao kwamba nilichomdhamini kijana yule ni kugawanya kwa desimali, na hata hapo nilikuwa na mashaka.

Mchezo huo ulizoeleka hadi sheria ikarekebishwa mwishoni mwa 2021 ili Benki Kuu iwashike shati wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni zenyewe zikatoka Machi 2022. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikaitoza Mulla Pride, kampuni iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizotoka kwa watu wengine, kisha kuwasumbua kwa simu na vitisho. Niliisoma habari hiyo gazetini nikiwa kinyozini, nikamwomba kinyozi asimamishe mashine. Mtu wa hesabu hupenda kuona namba mahali pake.

Sasa nije kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Amemaliza chuo, anatarmaki. Zamani kutarmaki kulihitaji miguu: unavaa shati la kola, unashika bahasha ya kaki, unadandia matatu hadi Athi River, unasimama alfajiri kwenye lango la EPZ mpaka bawabu akuzoee. Mpwa wangu anatarmaki amelala kifudifudi. Anabonyeza "tuma" kabla ya chai na baada ya chai. Nikimuuliza ametuma kwa nani, anasema, "Kwa linki, Mjomba." Linki ya nani? "Ililetwa kwenye grupu." Grupu la nani? Hapo hunitazama kana kwamba nimemuuliza mvua ni ya nani.

Nikamfuata hadi saiba, ile ya karibu na steji, nikavuta kiti cha plastiki, nikamwambia aufungue huo wasifu niuone.

Jina kamili, sawa. Tarehe ya kuzaliwa. Mahali pa kuzaliwa, hadi kata ndogo. Namba ya kitambulisho. PIN ya KRA. Namba ya NSSF, namba ya SHA. Dini. Hali ya ndoa, ambapo ameandika "bado" kana kwamba kuna mtu anayengoja. Jina la baba. Jina la mama, pamoja na lile alilokuwa nalo kabla ya kuolewa. Kimo. Uzani. Picha ya pasipoti pembeni, macho yamekazwa. Kisha viambatisho: kitambulisho mbele na nyuma, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, na mwisho kabisa, hapa nilivua miwani nikaipangusa kwa ncha ya shati, kadi yake ya benki, ili wasipate taabu siku ya kuweka mshahara.

"Hii ni kazi gani?"

"Kuuza simu, Mjomba."

"Na uzani wako unawahusu nini wauza simu?"

"Fomu ilikuwa na nafasi."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Fomu ilikuwa na nafasi! Mwonyeshe Mkenya kisanduku kitupu chenye neno "kitambulisho" pembeni, atakijaza kabla hujamwambia ni cha nini, na usipomtazama atakijazia na jirani. Na si ujinga. Mtoto amesoma, ana digrii, anajua kutengeneza simu iliyoanguka chooni. Tumemzoesha. Shuleni anaonyeshwa wasifu-kazi kwenye vitabu vya insha, na mfano wa pale kitabuni una dini, una ndoa, una namba ya kitambulisho, na asiyejaza anaogopa kupoteza alama. Mimi nilifundisha Hesabu, kwa hiyo lawama hii namwachia mwenzangu wa Kiswahili, ambaye amehamia Makueni na hawezi kujitetea.

Akitoka shuleni, mafunzo yanaendelea. Ukiingia jengo lolote mjini, kuna bawabu na daftari la mistari. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kumwona nani, saa ngapi, sahihi. Unayaandika hayo chini ya mtu aliyetangulia, na wewe umeshasoma ya kwake huku ukitafuta kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nimeandika namba yangu kwenye madaftari ya majengo ambayo siku hizi ni maduka ya nguo. Madaftari yalikwenda wapi? Bawabu hajui, mwenye jengo hajui, na mimi nimeshaacha kuuliza kwa sababu wananiona mzee msumbufu. Kwa wakala wa pesa kulikuwa na kitabu kingine, hicho nacho ulitia sahihi mbele ya foleni nzima huku nyuma yako mtu anakupumulia shingoni na kujifunza hesabu.

Kwa hiyo tapeli wa kazi hana kipya cha kumfundisha kijana wetu. Anakuta amefundishwa tayari. Yeye huleta fomu tu.

Babu yangu alivaa wasifu wake shingoni. Hilo si fumbo. Serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwanamume mtu mzima akatakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyotoka, yote ndani ya kikopo cha bati chenye kamba. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kwingine, na ukikutwa barabarani una kesi. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakamiminiwa risasi. Kipande kilidumu hadi miaka ya arobaini. Babu alipoachana nacho hakukitupa kile kikopo. Alitia ugoro humo hadi kufa kwake, na kila akikifungua alikitukana kwanza. Sasa mjukuu wa mtoto wake anaichukua habari ile ile, anaiongezea uzani na jina la mama, anaituma kwa grupu lenye picha ya maua, na hakuna aliyemshikia bunduki.

"Lakini watafanya nini nayo, Mjomba? Sina pesa." Hili ndilo jibu la kila kijana, na linaniudhi kuliko lile la nafasi. Huna pesa, una jina. Kwa jina na namba ya kitambulisho mtu anaweza kujaribu kusajili laini ya simu, na laini ikishakuwa hewani inakopa, inatapeli, inatishia, na polisi wakija wanakuja na jina lako. Jina la mama na tarehe ya kuzaliwa ni vitu ambavyo wahudumu wa simu na benki wamezoea kuuliza ili kujua kama ni wewe. Umeshampa tapeli majibu kabla ya mtihani. Nikamwambia apige *106#, inayoonyesha laini za Safaricom zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Akapiga huku anacheka. Akaacha kucheka. Kulikuwa na laini zake anazozijua, na moja ambayo inaishi maisha yake yenyewe mahali fulani kwa jina lake.

Nikamuuliza na namba ya siri ya pesa zake je. Akasema hiyo hampi mtu. Vizuri. Ni ipi? Si kwamba naitaka, nataka kujua aliichaguaje. Ni mwaka aliozaliwa. Mwaka aliozaliwa uko mstari wa pili wa wasifu.

Tuliporudi saiba siku nyingine nikaangalia ile kompyuta yenyewe. Mwenye saiba ni mtu mwema, anasimamia kwaya, mimi simsemi vibaya. Ila uso mzima wa kompyuta yake umejaa faili: "CV mpya", "CV mpya kabisa", "CV ya mwisho", "CV ya mwisho hii sasa". Si zake. Ni za mji. Ukibonyeza yoyote unakaribishwa nyumbani kwa mtu. Kwenye kompyuta ya pembeni kulikuwa na barua pepe ya msichana iliyoachwa wazi, na jibu la mwajiri likiwa limeingia wakati huo huo. Tulimtafuta kwa pasta wake, ambaye, bila shaka, alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. "Mwalimu," mwenye saiba aliniambia, "hizo huwa nazifuta mwaka ukiisha." Sikumuuliza mwaka upi.

Na karatasi zilizochapwa vibaya? Hizo hazitupwi, huo ni uharibifu. Nje ya mlango kuna mama anayeuza njugu. Nilinunua za shilingi ishirini, nikapewa kwenye kikoni cha karatasi nyeupe safi, nikaanza kutafuna nikisoma. Mwenye karatasi alikuwa ametokea Mwala, amefanya kazi ya keshia Mlolongo, hajaolewa, na anachopenda ni kusoma, kusafiri na kuogelea. Kuogelea, mtu wa Mwala, ambako mvua ikinyesha hutangazwa kanisani! Chini kulikuwa na kichwa, "Warejelewa". Wa kwanza pasta. Wa pili chifu. Wa tatu alikuwa amefichwa na mkunjo, na njugu zilikuwa zimeisha, nikaukunjua.

Alikuwa mimi.

Watu hudhani haya mambo hayana sheria. Sheria zipo, zimejaa. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inakupa haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na mwaka uliofuata Immaculate Kassait akaapishwa kuwa kamishna wa kwanza. Sheria hiyo inasema mtu anayechukua habari zako akuambie anazitaka za nini, achukue kiasi kinachohitajika tu, asikae nazo kuliko inavyobidi, na ukimwambia azirekebishe au azifute bila msingi wa kubaki nazo, afanye hivyo. Ukilalamika, malalamiko yaamuliwe ndani ya siku 90. Kilabu kimoja cha Nairobi, Casa Vera, kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni, bila ridhaa yake, picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha. Shule ya Roma ya Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Nami mrejelewa niliyeuzwa pamoja na njugu sijui nimshtaki nani: kijana, saiba, au mama wa njugu, ambaye kusema kweli ndiye pekee aliyeipa karatasi ile kazi.

Kuna na hili la vyeti. Waajiri wa nchi hii walikuwa na tabia ya kumdai kijana, kabla hawajamjua hata sura, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, cha KRA, cha HELB, cha maadili, cha mashirika ya kuorodhesha wadeni. Vingine vina bei; cha polisi pekee ni shilingi 1,050. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ikasema mwajiri asiviitishe mpaka awe amekusudia kukupa mkataba wa maandishi. Nenda sasa usome matangazo ya kazi. Utafikiri marekebisho yale yalichapishwa kwa Kichina. Vijana wanapeleka vyeti mapema ili waonekane wako tayari, na tapeli naye, mtu msikivu, ameongeza vyeti hivyo hivyo kwenye tangazo lake. Ukimweka na mwajiri halali bega kwa bega, huwatofautishi, kwa sababu wote wawili wanadai zaidi ya wanachohitaji. Hapa ndipo hasira yangu hupita kwa tapeli ikatua kwa waungwana. Mwajiri mwenye ofisi, lifti na kalenda yake mwenyewe akiacha kumuuliza muuza simu dini yake, tapeli atakayeiuliza ataonekana mara moja.

Serikali nayo isijifiche nyuma yangu. Juni 2021 Wakenya waliruhusiwa kuchungulia kwenye mtandao wa serikali waone kama wamesajiliwa kwenye chama cha siasa, na malalamiko yakafurika. Nami nilichungulia. Nilikuta nimekuwa mwanachama mwaminifu wa chama ambacho alama yake siijui kama ni mnyama au chombo cha jikoni. Nani alinisajili? Mtu aliyekuwa na jina langu na namba ya kitambulisho. Na hao ni wangapi? Rudi kwenye madaftari ya mabawabu.

Miaka miwili baadaye, wenzetu wakapanga foleni jumba la KICC kupigwa picha mboni za macho na Worldcoin, kwa sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi elfu saba. Mpwa wangu alilia siku shughuli iliposimamishwa, Agosti 2023, kwa sababu alikuwa amefika tu stendi ya Nairobi. Mei 2025 Mahakama Kuu iliagiza data ile ifutwe. Nilimsomea uamuzi huo kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, akala isyo yake kimya.

Mzaha kando kidogo. Kuna vijana wa Kenya walioona tangazo mtandaoni la kazi ya kuhudumia wateja nchini Thailand, wakatuma kila kitu, wakatumiwa tiketi. Walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti, wakafungiwa kwenye makambi ya kutapeli watu kwa kompyuta, na asiyefikisha lengo akapigwa. Taarifa zao zilianza kusikika mwaka 2022, na mwaka 2025 wengine walikuwa bado wanaokolewa. Yaani ule ujumbe unaokuja saa nane usiku, wa kidole gumba na video, pengine umeandikwa na mtoto wa mtu aliyekuwa akitafuta kazi. Tangu nilipolijua hilo siwatukani tena. Sijibu tu. Na kijana akiniambia amepata wakala wa kumpeleka ng'ambo, namwambia kwanza tuangalie kama jina la wakala limo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Akisema wakala amemwonya asiangalie, basi hapo tumeshaangalia.

Tukaukata wasifu wa mpwa wangu palepale saiba, kwa shilingi moja kwa dakika. Kitambulisho, kikatoka. Dini, mama, baba, kimo, uzani, vikafuatana nje. Kadi ya benki niliiondoa kwa mkono wangu. Nakala ya kitambulisho nikamwambia itatoka siku ya mkataba, na itatoka ikiwa imepigwa mistari miwili na maneno katikati yanayotaja ni ya kampuni gani na tarehe gani, ili isiende kuanzisha maisha mengine. Tukafungua barua pepe ya kazi tu, isiyo na mwaka wa kuzaliwa kwenye jina, na laini ya kazi tu isiyo na pesa ndani. Kurasa zilikuwa tano, ikabaki moja na nusu. Akaitazama kwa huzuni.

"Sasa inaonekana kama sina chochote, Mjomba."

"Ndiyo hali," nikamwambia. "Wao ndio wenye kazi."

Kuhusu warejelewa nikamwambia aandike kwamba watatajwa wakihitajika. Alibisha, kwa kijana wa Machakos wasifu usio na pasta ni uchi. Nikamwambia pasta wake ana maombi ya kufanya, si kupokea simu za kuendesha winchi. Na mimi nimewatangazia wote, hadi kwenye baraza la chifu: anayetaka jina langu aje nyumbani, aniambie ni kazi gani na ya nani, nitampa uji na nitampa namba. Wamekuja wachache. Uji hawakuupenda.

Basi juzi simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya adabu. "Habari yako, Mwalimu? Nakupigia kuhusu kijana aliyekutaja kama mrejelewa wake." Nikamuuliza anaitwa nani. Akasema. Kampuni gani? Akasema. Ofisi iko wapi, jengo gani, ghorofa ya ngapi, na nikipiga namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni nikamtaja yeye, watamjua? Akanyamaza, akasema watamjua. Nikamwambia akate, nipige mimi. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mbaazi, aliweka ungo chini na kunitazama kwa yale macho ya "umemfukuzia mtoto kazi". Nikapiga. Mpokea simu akanipitisha. Alikuwa yeye.

Tukazungumza vizuri. Nilimweleza ukweli: kijana ni mwaminifu, huamka kwa taabu, na desimali zimemkaa sasa. Akacheka, akasema inatosha, wangemwita. Halafu nikasikia karatasi zikipinduliwa.

"Na Mwalimu, kabla sijakuachilia, naomba namba yako ya kitambulisho."

"Ya kazi gani, mama?"

Kimya. Nikamsikia akimuuliza mwenzake, mwenzake akajibu kitu, kalamu ikagongagonga meza.

"Kwa kweli sijui, Mwalimu. Ni vile tu fomu ina nafasi."

Nikamwambia aweke kistari.